Nani Anachimba Kizingiti cha Mama Leila?

Yowe la kwanza lilipigwa Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na majirani wa mtaa wa Kibomet wakasema ni mambo ya harusi tu. La pili lilipigwa Alhamisi, saa ile ile, nyumba ile ile, na safari hii hata waliokuwa wakinyoa ndevu walitoka nje na povu mashavuni.

"Amerudi! Wallahi amerudi tena!"

Mpiga yowe alikuwa Hasina, mama wa bibi harusi, amesimama sebuleni na ufagio mkononi. Mbele yake, pale sakafu ya sebule inapokutana na mlango mpya wa kioo wa kutokea veranda, sementi iliyojazwa jana yake ilikuwa imechimbwa. Mara ya pili! Na nikaha ni Jumamosi, saa nne asubuhi.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Wahu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zaki kwa jina la mwanawe Zachary. Wahu alikuwa sajini wa polisi miaka thelathini na mmoja. Alistaafu mwaka juzi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeibiwa hata kuku pale mtaani. Amani ilikuwa imemchosha mama wa watu. Alikuja na kikombe cha chai mkono mmoja na daftari mkono wa pili, bangili zikilia, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha.

"Mama Leila, usifagie! Weka huo ufagio chini. Hapo ni mahali pa tukio."

"Ni mahali pa aibu, Mama Zaki. Wageni mia mbili watapita hapa. Leila akiingiza kisigino kwenye huo ufa, si tutamfungishia ndoa hospitalini?"

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu, Hasina aling'oa milango ya zamani ya chuma, ile ya kukunja yenye reli ndani ya mfereji, akaweka mlango wa kioo wa kusukuma ili watu walioketi sebuleni waone hema la harusi uwanjani. Ukawa mzuri, Hasina mwenyewe akauchezea ngoma. Lakini fremu ya zamani ilikuwa nene na fremu mpya ni nyembamba, kwa hiyo ukabaki mfereji sakafuni, urefu wa mlango mzima, upana wa vidole vitatu na kina cha kidole kimoja. Jumanne fundi Mukhisa akauziba. Jumatano asubuhi ukakutwa umechimbwa. Akauziba tena Jumatano saa sita mchana, na leo haya.

Wahu alipiga magoti na kuanza kuandika.

Kwanza, mchimbaji hakubomoa kila kitu. Alichora mstari mmoja katikati ya sementi, kutoka ukuta hadi ukuta, na ndani ya mstari huo mlikuwa na vishimo vya duara vyenye ukubwa wa shilingi tano. Patasi haitoboi duara. Pili, mchimbaji ni mtu safi: vumbi la kijivu lilikuwa limefagiwa kwa mkono na kurundikwa vizuri kando ya ukuta. Lakini mabonge mawili, makubwa kama mayai, yalikuwa yameachwa waziwazi katikati ya mkeka mweupe. Tatu, juu kwenye kioo kulikuwa na doa la mafuta, usawa wa paji la uso wa mtu mrefu.

"Hili doa je?"

"Hilo nililipangusa jana asubuhi, na leo limerudi. Sijui ni nani anakuja kuchungulia hapo."

"Na mlango ulikuwa umefungwa?"

"Kitasa kizima, hakikuguswa. Sasa nikuulize, nani mwingine ana ufunguo wa jikoni? Mukhisa! Nilimpa mwenyewe, ati aje alfajiri kumwagilia sementi maji isipasuke. Anachimba mwenyewe ili kazi isiishe! Jana saa nane aliondoka, na tangu hapo simu yake imezimwa. Amekimbia!"

"Polepole, Mama Leila."

"Polepole ya nini? Kesho saa sita mchana, kama hajajieleza, naenda stesheni ya polisi. Na kabla ya stesheni namtangaza kwenye grupu ya akina mama."

Hapo Wahu alishusha kalamu. Stesheni si kitu, fundi anaweza kutoka stesheni. Lakini grupu ile ilikuwa na wanawake mia mbili na kumi na wawili, wote wenye nyumba zinazovuja. Fundi akitangazwa humo, hatapata hata banda la sungura la kupiga misumari. Na Mukhisa ndiye aliyemjengea Wahu ngazi zake za mlangoni, zilizonyooka hivi kwamba aliwahi kumbusu.

"Nipe mpaka kesho saa sita," alisema. "Nitakuletea mchimbaji."

Alianza na waliolala ndani. Leila, bibi harusi, alitoka chumbani mikono imeinuliwa juu, hina mpaka kwenye viwiko, imefungwa kwa mifuko ya plastiki.

"Mama Zaki, mimi siwezi hata kujikuna. Tangu jana nalishwa uji na kijiko."

Wahu alimfuta kwenye orodha, akacheka, akaenda kwa Mzee Yakub.

Mzee Yakub alikuwa baba mkwe wa Hasina na babu yake Leila. Mwanawe Salman, baba wa bibi harusi, alifariki miaka sita iliyopita, na kwa hiyo mzee ndiye angekuwa wali: ndiye angeushika mkono wa bwana harusi na kumwoza Leila. Alikuwa mrefu bado, ameketi kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mlango, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, mkongojo katikati ya magoti.

"Karibu, Mama Zaki," alisema kabla hajasalimiwa. "Bangili zako zimekutangulia."

"Shikamoo, mzee. Umesikia chochote usiku?"

"Marahaba. Mimi nikilala nimelala."

"Uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro. Natoka kwenda kutawadha, bomba si liko nje."

"Ukapitia mlango huu?"

"Huu huu."

"Na kizingiti kilikuwa kizima?"

Mzee aliuzungusha mkongojo. "Kizima. Na huyo kijana msimwonee, tafadhali. Ni fundi haswa. Alivyoilinganisha ile sementi nyekundu na sakafu yetu, huwezi kujua inaanzia wapi na inaishia wapi."

Wahu aliandika neno kwa neno, kama alivyofundishwa chuo cha polisi Kiganjo, akaagana.

Saa tatu na robo alikuwa mjini Kitale, kwenye karakana ya Kibiwott, yule aliyeuweka mlango wenyewe. Habari zilizokuwa mtaani ni kwamba Kibiwott na Mukhisa waligombana Jumatatu mbele ya watu, kila mmoja akisema ufa ule ni kazi ya mwenzake.

"Tuligombana, sikatai," Kibiwott alisema, akikata aluminiamu bila kuinua kichwa. "Lakini Sajini, fikiria bana. Mimi nichimbe sementi kando ya reli zangu? Mchanga ukiingia humo, magurudumu yamekwisha. Ni nani atalaumiwa? Si ni mimi!"

"Ulilala wapi jana?"

"Myanga. Nilikuwa naweka madirisha ya duka, uliza mwenye duka, nambari hii hapa. Nimerudi saa mbili."

Wahu alipiga, mwenye duka akathibitisha, tena akaanza kumsifu Kibiwott mpaka ikambidi Wahu aikate simu.

"Kitu kimoja tu," Kibiwott aliongeza. "Mwambie Mama Leila akubali niweke stika kwenye kile kioo. Alikataa, ati zitaharibu picha za harusi. Kioo kisafi namna ile, watu wanakigonga. Nimeona mbuzi amekigonga."

Wahu aliandika na hilo pia, ingawa hakujua kwa nini. Akawasha pikapu yake kuukuu na kushika njia ya Bungoma, kwa sababu jirani mmoja alikumbuka Mukhisa akisema anakwenda huko kutafuta rangi.

Hakuhangaika sana. Duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa na makelele kuliko yote karibu na soko la Bungoma lilikuwa la mama mmoja anayeitwa Dinah, na saa sita kasoro Wahu alimkuta Mukhisa mlangoni pake, amesimama juani na pakiti mbili za unga wa rangi, akizilinganisha na kipande cha sakafu mkononi.

"Mama Zaki! Umenifuata mpaka huku? Ama kuna halusi ingine?"

"Simu yako imezimwa kwa nini?"

"Chaji iliisha jana. Nilirala Bokoli kwa dada yangu, na huko stima ilipotea."

"Mchukue uende naye!" Dinah alipaza sauti kutoka ndani. "Jana saa kumi na moja alikuwa hapa. Leo nimefungua saa mbili nikamkuta ananingoja. Amefungua pakiti tisa! Ati hii imekolea, ati ile imepauka. Anatafuta sementi ama anatafuta mke?"

Wahu alimpigia dada mtu kule Bokoli; stima huko ilikuwa imerudi na simu ikapokewa. Je, Mukhisa alikuwa wapi alfajiri? Akapewa jibu pamoja na lawama: saa kumi na moja Mukhisa alikuwa zizini akimkamulia dada yake ng'ombe, na alikamua vibaya, na maziwa yalimwagika.

Basi si Mukhisa. Wahu alimweleza yaliyotokea, na yule bwana aliketi juu ya mfuko wa sementi akiwa ameshika kichwa.

"Mama Leila anasema ni mimi? Mimi sina shamba, Mama Zaki. Nina mkono na jina tu. Wakiniandika huko kwa grupu, nitakula nini, huu mwiko?" Kisha uchungu ukampeleka kwenye kazi, kama mafundi walivyo. "Na ile kazi ilikuwa safi. Nilifagia, nikarowesha zege ya zamani ishike, nikapaka uji wa sementi, nikashindilia. Mala mbili! Nikaacha unene wa kucha juu nije nimalizie na nyekundu."

"Uje umalizie?"

"Eeh. Nyekundu ya Kitale imeiva kama maini. Ile sakafu ni ya zamani, inataka nyekundu ya matofali. Ndio nikaja huku."

"Mukhisa, subiri. Hukuweka nyekundu Jumanne?"

"Hata tone. Wala jana. Ni kijivu tupu."

Wahu alifungua daftari. Akarudisha ukurasa mmoja, akarudisha wa pili, akasoma kwa midomo. Kisha akapiga paja lake kofi moja la nguvu, Dinah akadhani ni mbu.

"Haiya! Nunua hiyo rangi, twende nyumbani."

Njia nzima Mukhisa alimwuliza ni nani, na njia nzima Wahu alijibu kwa kuimba nyimbo za kanisani. Lakini baada ya Webuye aliacha kuimba. Alikuwa amekamata watu wengi maishani na hakuwahi kuumia moyo kwa hata mmoja wao. Huyu alimwuma.

Saa kumi na moja jioni wote walikuwa sebuleni: Hasina mikono kiunoni, Leila na hina yake, Kibiwott aliyeitwa kwa simu, Mukhisa mlangoni kwa aibu, na Mzee Yakub kwenye kiti chake. Chai ya iliki ilikuwa mezani na mtu hakuigusa.

"Haya, Sajini," Hasina alisema. "Mhalifu ni nani?"

"Kwanza nawaambia asiye mhalifu. Kibiwott alikuwa Myanga. Mukhisa alikuwa zizini Bokoli, akimwaga maziwa ya dada yake. Nina mashahidi wa wote wawili. Na kitasa hakikuguswa. Kwa hiyo mchimbaji alilala humu ndani."

"Humu ndani?" Hasina aliketi.

"Alitumia kitu chenye ncha ya duara, na sementi ilikuwa mbichi bado. Hakutaka kuharibu, alitaka mfereji wake tu, mstari mmoja ulionyooka. Ni mtu mstaarabu, alifagia vumbi asikuachie uchafu. Lakini alifagia pale mkono ulipofika, akaacha mabonge mawili katikati ya mkeka mweupe. Mimi niliyaona kutoka mlangoni. Wewe uliyaona. Yeye hakuyaona."

Leila aliteremsha mikono polepole.

"Na tangu mfereji uzibwe, kuna mtu anakigonga hiki kioo na paji la uso. Na kuna mtu aliisifu sementi nyekundu ya Mukhisa. Sementi hiyo ni ya kijivu." Wahu alifunga daftari. "Mimi nimestaafu, sikamati mtu leo. Jina silitaji. Ila kesho saa sita jina la Mukhisa linaingia kwenye grupu, na Mukhisa hana kingine duniani."

Mkongojo ukagonga sakafu, mara moja, na ncha yake ya chuma ikalia.

"Mwache kijana wa watu, Hasina," Mzee Yakub alisema. "Ni mimi."

"Baba!"

"Ni mimi. Macho yamekwenda, mama. Mwaka mzima sasa, kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza taa. Nyumba hii naijua, sikuhitaji macho. Natoka kitini hatua saba, mkongojo unatumbukia kwenye mfereji wa mlango, najua nimefika. Jumatano alfajiri nilihesabu saba, mkongojo haukutumbukia, nikaenda tu." Aliinua kofia. Kwenye paji la uso palikuwa na nundu mbili, moja juu ya nyingine. "Nikasema, basi, nichimbe kidogo. Kamstari tu. Nikarudia leo. Sikujua lawama itamwangukia mtu."

"Lakini kwa nini hukusema, babu?" Leila alikuwa tayari miguuni pake.

Mzee alitafuta kichwa cha mjukuu wake kwa mkono, akakipata. "Nilimwahidi baba yako, siku aliyotuacha, kwamba nitakuoza kwa mkono wangu. Nikisema sioni, watasema kipofu hawezi kuwa wali, wamwite ami yako Shafi kutoka Bungoma. Nikasema, nivumilie mpaka Jumamosi tu. Jumapili nitawaambia."

Hasina alianza kulia, na katikati ya kulia akaanza kucheka. "Kumbe! Kumbe ndiyo maana Ijumaa iliyopita ulimwambia muuza maziwa, 'Mama, leo umependeza'! Na yule mtu ana ndevu mpaka kifuani!"

Kicheko kikaenda chumba kizima, mzee mwenyewe akiongoza. Leila akamwomba Kibiwott ampigie imamu, yeye vidole vyake bado vilikuwa na hina, na sauti ikafunguliwa wote wasikie. Imamu alisikiliza, akacheka taratibu.

"Mzee Yakub, nani alikudanganya? Wali nataka awe na akili na ulimi. Unavyo?"

"Ninavyo."

"Basi nakuja Jumamosi kukusikiliza wewe. Shafi aje kula pilau."

Mzee aliinamisha uso, mabega yakatikisika, na Leila akamkumbatia kwa viwiko ili hina isimchafue kanzu. Wahu alimsogelea, akayatazama macho yake kwa karibu. Mboni zilikuwa na utando mweupe kama maziwa. "Mama yangu alikuwa na huu huu," alisema. "Ni mtoto wa jicho. Alipasuliwa, sasa ananiambia nimenenepa. Jumatatu nakupeleka kwa daktari mwenyewe."

Hasina alisimama mbele ya Mukhisa. Hakuwa mwanamke wa kuomba radhi mara nyingi, na ilionekana.

"Nimekukosea, fundi. Sana. Nisamehe."

Mukhisa alikuwa amekwisha kupiga magoti kizingitini, akipapasa ule mstari uliochimbwa. "Mzee," aliuliza, "ukifika hapa, mkongojo unataka kusikia nini?"

"Kitu chochote, mwanangu. Kitu kisichofanana na sakafu."

"Kisigino cha bibi halusi kinataka pawe sawa. Mkongojo unataka patambulike. Ngojeni."

Akafanya kazi jua likiwa bado linaingia kwa kioo. Alisafisha ufa, akaulowesha, akaujaza mpaka juu kwa nyekundu ya matofali ya Bungoma, akapitisha rula. Kisha, upande wa ndani, akapanga mstari wa vijiwe vya mtoni, vidogo kama maharagwe, akavizamisha mpaka migongo tu ikabaki. Kando ya reli akaacha nafasi nyembamba kama uzi, ya kujazwa gundi ya silikoni. Akafunika kwa gunia lililoloweshwa, akaweka ubao juu, akamkabidhi Hasina jagi la maji. "Unamwagilia wewe. Mimi ufunguo sitaki tena." Naye Kibiwott, bila kuulizwa, akabandika stika tatu za maua kwenye kioo, na safari hii Hasina akakubali.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, Mzee Yakub aliinuka kitini akiwa na kanzu mpya. Alikataa kushikwa mkono. Wageni walionyamaza kwenye hema waliusikia mkongojo: to, to, to, mara saba, kisha krrr, juu ya vijiwe. Mzee akasimama.

"Mlango," alisema.

Hasina akausukuma mlango wa kioo, na mzee akatoka peke yake, kichwa juu, akaushika mkono wa bwana harusi na kumwoza Leila bila kukwama neno hata moja. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Wahu, shahidi wa serikali asiyeitwa, alilia hadharani na kukanusha baadaye.

Mchana, pilau likipakuliwa, grupu ya akina mama ilipokea picha ya kizingiti na maneno machache ya Hasina. Kufikia saa tisa Mukhisa alikuwa na kazi za miezi miwili. Alikwenda kumuaga mzee, akamkuta amekaa karibu na mlango, akivichezea vijiwe kwa ncha ya mkongojo.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Hiyo nyekundu imelingana?"

"Mzee, hiyo utaiona mwenyewe daktari akimaliza."

"Nitaiona," alisema Mzee Yakub. "Na isipolingana, nitaichimba tena."